Kuamsha injini ya Mercedes 230E (W123) bila kuing'oa injekshen yake

Wakuu, huu mwongozo ni wa mtu mwenye W123 230E, ile yenye injini ya M102, cc 2299, na K-Jetronic ya Bosch (mfumo wake wa injekshen ya mafuta) bado iko juu ya injini haijaguswa. Nasema haijaguswa kwa sababu nyingi nilizofungua boneti hapa Dar nimekuta kabureta ya gari nyingine imelazimishwa pale, au injini nzima ya Toyota. Hadithi huwa ile ile, gari ilikataa kuwaka asubuhi moja, fundi akasema hii mifumo ya zamani spea hamna tuweke kabureta, mwenye gari ana haraka ya kazini akasema weka. Na mi nawaelewa, ila ukiitoa hiyo injekshen umetoa kitu kizuri kuliko vyote kwenye hiyo injini, na nguvu unayoitafuta inapatikana ikiwa palepale.

Na sio maneno tu, rali ya London–Sydney ya 1977 mshindi alikuwa 280E ya K-Jetronic, Andrew Cowan akiendesha, maelfu ya kilomita za vumbi na joto. Alafu 190E 2.3-16 ya miaka ya 80 ilitoka kiwandani na blok hii hii ya M102, cc 2299 hizo hizo, hedi ya Cosworth (wale watengeneza injini wa Uingereza) na KE-Jetronic ambayo ni mdogo wake K-Jetronic, ikatoa hp 185. Yetu ya kiwandani ni 136. Sisi hedi ya Cosworth hatuna, kwaiyo mi nalenga 150 na kitu, ukigusa 160 na sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) bado imetulia umefanya kazi safi sana. Anayetaka 200 akanunue injini nyingine asitupotezee muda.

Kabla ya spana yoyote elewa hii kitu inafanyaje kazi, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hamna kompyuta. Pampu inasukuma mafuta muda wote, injekta zinamwaga muda wote injini ikizunguka. Hewa ikiingia inasukuma kisahani, kisahani kina mkono, mkono unainua kapistoni kembamba ndani ya distribyuta ya mafuta (ile chuma yenye mabomba manne juu, usichanganye na distribyuta ya plagi), kapistoni kakipanda kanafungua vijitobo vyembamba kama wembe, kila silinda na chake. Juu ya kapistoni kuna presha ya mafuta inayokasukuma kurudi chini, hiyo ndo tunaita presha ya kontroli. Ni mizani ya dukani kwa Mangi kabisa, upande huu hewa, upande ule presha. Presha ya kontroli ikishuka hewa inashinda, kapistoni kanapanda zaidi, mafuta yanakuwa mengi. Ikipanda mafuta yanapungua. Shika hilo, huko mbele kila kitu kinarudi hapo.

Hatua ya 1: geji kwanza, kabla ya kitu chochote

Tafuta geji ya presha ya mafuta ya kufika bar 7 au 10, yenye mipira miwili na koki katikati. Inafungwa kati ya distribyuta ya mafuta na regyuleta ya presha ya kontroli (ile yenye plagi ya umeme imefungwa kwenye blok). Koki iwe upande wa regyuleta. Ukifunga koki unasoma presha ya sistimu, ukifungua unasoma presha ya kontroli, basi.

Fungua kwanza mfuniko wa tenki upumue, funika nati kwa tambara, legeza taratibu, injini iwe baridi, na faya ekstingwisha iwe mkononi kwako sio dukani kwa jirani. Mafuta yanayoruka kwa bar 5 yakikuta eksozi ya moto hamna mjadala. Mpira wowote utakaobadilisha uwe wa injekshen, mpira wa kabureta utapasuka tu, na washa za shaba kwenye zile nati ziwe mpya kila ukifungua.

Unachotafuta: presha ya sistimu kwa K-Jetronic nyingi inakaa kati ya bar 4.5 na 5.8, namba kamili iko kwenye kitabu cha injini yako. Presha ya kontroli injini ikiwa baridi inaanza chini, kwa joto letu hili utaona kama bar 1 na nusu au 2, alafu inapanda polepole dakika kadhaa mpaka itulie kwenye 3.4 hadi 3.8. Kama haipandi kabisa angalia kwanza kama ile plagi ya regyuleta inapata umeme, maana ndani kuna waya wa kupasha joto, bila umeme inabaki inafikiri ni asubuhi na gari inakunywa mafuta kama ya kukopa. Zima injini, subiri dakika 20, geji isianguke sifuri. Ikianguka, ndo ile gari inayokataa kuwaka ikiwa ya moto, mtuhumiwa ni akyumuleta ya mafuta (inayoshikilia presha gari ikizimwa) kule nyuma au valvu ya kuzuia kurudi kwenye pampu.

Pima na pampu yenyewe: chomoa mpira wa kurudisha mafuta, uelekeze kwenye dumu, endesha pampu kwa kuunga relei. Lita moja itoke ndani ya sekunde 40. Ikichukua dakika nzima hiyo pampu au filta imechoka, na injini ukiiongezea nguvu itakuwa na njaa ya mafuta kwenye mizunguko ya juu, pistoni zitatoboka na utasema K-Jetronic mbaya.

Namba zote hizi ziandike kwenye karatasi, tutazirudia.

Hatua ya 2: hewa ya wizi

Hewa yoyote inayoingia bila kupita kwenye kisahani haijapimwa, kwaiyo haina mafuta yake. Mipira ya injekta, ile ya duara pale zinapochomekwa kwenye manifoldi, baada ya miaka 40 imekuwa plastiki, badilisha yote. Mfuniko wa oili na dip stiki pia vikae vizuri, ukifungua mfuniko wa oili injini inaunguruma na sailensa isibadilike jua kuna tundu jingine mahali.

Ila adui mkubwa wa M102 ni ule mpira mkubwa ulio chini ya mita ya hewa (nyumba ya kile kisahani), kati yake na trotol. Uko gizani kabisa, kuufikia lazima utoe mita ya hewa nzima, ndo maana mafundi wanauruka wanaenda kukaza skrubu ya mafuta badala yake. Mi wangu kwa juu ulikuwa mzima, mweusi unang'aa, nimeutoa nikaukunja kidogo kwa vidole gumba viwili ukafunguka mpasuko wa urefu wa kidole upande wa chini, ambao huwezi kuuona hata na tochi. Miaka miwili nilikuwa nafukuzana na sailensa inayopanda na kushuka kumbe ni huo. Usiujaribu kwa macho, uko nje tayari, weka mpya.

Ukiwa umetoa hiyo mita, angalia kisahani kimekaa katikati ya koni, zungusha fila geji ya milimita 0.10 pembeni yote ipite bila kukwama. Kikiwa kinagusa upande mmoja legeza boliti ya katikati ukiweke sawa. Futa na koni kwa tambara na petroli, huwa kuna utando wa oili mweusi pale.

Na hapa nitoe ushuhuda. Ukitenganisha distribyuta ya mafuta na mita ya hewa, inyanyue taratibu huku kidole kiko chini yake. Mi niliinyanyua kama nanyanyua sufuria, kapistoni kakachomoka chenyewe kakaanguka kwenye sakafu ya zege, kakadunda mara mbili, sauti kama ya sarafu. Nikakaokota nikakafuta, kwa macho kazima, nikakarudisha kakawa kanakwama nusu ya njia. Kale kana nafasi ndogo kuliko unywele, kakishapata alama ndo basi, na hakauzwi peke yake kwa sababu kila kamoja kamesagwa na nyumba yake. Nikanunua distribyuta nyingine nzima. Wala usikasugue na msasa, hata ule laini.

Hatua ya 3: chupa nne

Chomoa injekta zote nne na mabomba yake yakiwa yamefungwa, kila moja itumbukize kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, nusu lita, zile zinazoonyesha. Endesha pampu, sogeza kisahani kwa mkono kuelekea upande hewa inapoenda, kidogo kwanza, alafu nusu, alafu mwisho, kila mara mwaga na kulinganisha. Angalia vitu viwili: ujazo wa chupa uwe karibu sawa, na injekta imwage ukungu wa umbo la koni, sio kamba ya mkojo. Ikiwa chupa moja iko chini, hamisha ile injekta kwenye bomba jingine urudie. Upungufu ukihama na injekta, injekta mbovu. Ukibaki na bomba, tatizo liko kwenye distribyuta. Injekta ni za bei nafuu, weka nne mpya uzisahau. Ukiachia kisahani zote zikatike papo hapo, inayodondoka tone tone haifai.

Watu wengi wakimaliza hizi hatua tatu wanaendesha gari wanarudi wananiambia mbona imeshakuwa na nguvu. Ndo ilivyokuwa 1982 hiyo, ulikuwa hujawahi kuiendesha.

Hatua ya 4: uzima wa injini

Pima kompresheni silinda zote, zisipishane sana. Cheki mnyororo wa taimingi pia, M102 za mwanzo zina mnyororo wa safu moja na unavutika. Panga alama ya kamshafti, alafu chungulia puli ya krenki imesoma digrii ngapi, ikizidi 10 kutoka sifuri usiendelee na chochote kabla hujaweka mnyororo mpya na tenshena yake.

Hatua ya 5: hedi

Hapa ndo nguvu ya bei nafuu ilipo. Kompresheni ya kiwandani ni 9.0 kwa 1, kwa petroli nzuri ya pampu unaweza kufika 9.8 bila kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda). Hesabu yake hii: 2299 gawa kwa 4 ni cc 574.7 kwa silinda. Kwa 9.0 chumba chote cha juu ni 574.7 gawa kwa 8, yaani cc 71.8. Kwa 9.8 kinatakiwa kuwa 574.7 gawa kwa 8.8, ambayo ni 65.3. Kwaiyo unatakiwa kupunguza cc 6.5 kila silinda. Sasa usimwambie mtu wa mashine "chonga milimita moja" alafu ukaondoka, pima chumba kwa sirinji na mafuta ya taa, juu umefunika kioo chenye tundu, chonga kidogo, pima tena. Na kitabu kina kimo cha chini cha hedi, kama ilishachongwa na watu waliopita unaweza ukakuta nafasi imeisha, hapo utaiacha 9.0 uendelee na mengine, hamna aibu.

Kitu ambacho mafundi wengi hawakifikirii ni kwamba ukichonga hedi kamshafti imesogea karibu na krenki, mnyororo umelegea upande mmoja, kamshafti inachelewa digrii kadhaa. Nguvu uliyoiongeza kwa mkono wa kulia umeichukua kwa wa kushoto. Mercedes wenyewe walitengeneza vile vichuma vidogo vya kamshafti vilivyopindishwa kwa digrii tofauti, unapima kamshafti imechelewa ngapi unachagua cha kurudisha.

Matundu ya hewa usiyatanue kwa uchu. Linganisha gasketi na mdomo wa hedi na wa manifoldi viwe sawa, ondoa kingo, saga valvu, weka sili mpya za valvu, basi. Tundu likiwa kubwa sana kasi ya hewa inashuka na kisahani kinaanza kusinzia chini huko. Boliti za hedi weka mpya, za zamani zimeshavutika.

Hatua ya 6: kamshafti, na ndo hapa wengi wanaua K-Jetronic

Kamshafti kali inaacha valvu za kuingiza na kutoa wazi pamoja muda mrefu, kwenye mzunguko wa chini hewa inarudi nyuma kwa kupigapiga, na kisahani nacho kinacheza kama mfuniko wa chungu cha maharage. Mafuta yanapanda yanashuka, sailensa hamna, kwenye foleni ya Ubungo gari inazima kila taa. Alafu wanasema injekshen imekufa. Injekshen inafanya ilichoambiwa na hewa. Kaa chini ya digrii 270 hivi za muda wa valvu kuwa wazi, mwingiliano mdogo, na muulize anayechonga kamshafti kabisa kwamba hii ni ya injekshen ya kisahani. Kama hupati ya hivyo baki na ya kiwandani iliyo nzima, kwa gari la barabarani utapoteza hp chache tu.

Hatua ya 7: kutoa moshi

Manifoldi ya kiwandani ya M102 sio mbaya. Bomba la inchi 2 bila mikunjo iliyopondeka, sailensa ya nyuma (hapa namaanisha ile ya eksozi) isiyoziba, imetosha. Ukiwa kwa mchomeleaji mwambie aweke na nati ya sensa ya oksijeni kwenye bomba la mbele, kama nusu mita kutoka kwenye hedi, utaihitaji hatua ya 9.

Hatua ya 8: moto

Kompresheni ikipanda, moto (cheche za plagi) usiwahi kupita kiasi. Chomoa mpira wa vakyumu, piga taa ya taimingi kwenye mizunguko 3500 hivi, jumla iwe digrii 30, ukienda 32 nenda kwa kusikiliza. Sauti ya changarawe kwenye kopo ukikanyaga mlimani ndo kugonga kwenyewe, rudisha digrii 2. Plagi weka za baridi hatua moja, na hapa mtego: NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, Bosch namba ikishuka ndo ya baridi. Kuna jamaa alienda dukani na namba ya Bosch kichwani akarudi na NGK kinyume kabisa, plagi mbili zilitoka zimeyeyuka ncha.

Hatua ya 9: kutyuni mafuta

Utahitaji geji ile ile na sensa ya oksijeni ya waidi bendi (inayosoma uwiano wa hewa kwa mafuta), ya kuazima hata. Wakati wa kutyuni usicheze na vitu viwili kwa mara moja.

Kwanza sailensa. Skrubu ya mafuta iko kwenye tundu jembamba kati ya distribyuta ya mafuta na mita ya hewa, inataka L-kii ndefu ya milimita 3, unaisukuma chini mpaka ishike ndo unazungusha. Kulia mafuta yanaongezeka, kushoto yanapungua. Sogeza kama dakika tano za saa, toa kii, piga resi mara moja, subiri itulie, soma. Usipige resi kii ikiwa ndani, utapinda mkono wa kisahani. CO (kaboni monoksaidi kwenye moshi) ya asilimia 1 hadi 1.5 inatosha kabisa.

Pili ndo kukanyaga mwisho. Tafuta barabara tupu yenye kupanda kidogo, asubuhi mapema (mlima Kitonga kwenye malori usiende, nakusihi), gia ya tatu, kuanzia mizunguko 2500 mpaka 5000, mwenzako anasoma namba. Unataka 12.6 hadi 13.2 njia nzima, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya mafuta, namba ikipanda mafuta yamepungua. Ukiona inaanza 12.9 na kufika 4500 inakimbilia 14, achia mguu hapo hapo.

Sasa kosa la wengi, wakiona mafuta hayatoshi juu wanarudi kwenye ile skrubu wanaongeza. Ile skrubu inaongeza kiasi kile kile kila mahali, kwaiyo kwenye sailensa, ambapo mafuta ni matone tu, inakuwa nyingi sana, na juu huko hata haionekani. Utapata gari inayotoa moshi mweusi ikisimama na bado ina njaa ikikimbia. Njaa ya juu inatibiwa na presha ya kontroli. Kwanza rudia kupima pampu, lita moja sekunde 40. Iko sawa? Basi shusha presha ya kontroli ya moto kwa bar 0.1, mfano kutoka 3.6 kwenda 3.5, endesha, soma. Kuna wanaogonga regyuleta na nyundo kushusha, inashuka kweli, ila ukipitiliza huwezi kuirudisha bila kuipasua, kwaiyo mi nashauri utafute iliyotengenezwa kuwa na skrubu ya kurekebisha, au umpe mtu wa mashine akutengenezee. Mi ilinichukua 0.2 tu. Ukishashusha rudi kwenye skrubu upunguze kidogo sailensa, maana nayo imeongezeka, alafu urudie barabarani. Mara tatu au nne hivi utafika.

Ukishusha 0.3, 0.4 na bado juu kuna njaa, toa filta ya hewa uangalie kama kisahani kinafika mwisho wa safari yake. Kikifika mwisho mita ya hewa imeisha, na umbo la ile koni ndo linaamua mafuta kila kiwango cha hewa, huwezi kulibadilisha kwa spana. Maana yake umeikuza injini kupita mita, rudi hatua ya 6 uone ulimsikiliza nani.

Hatua ya 10: unatyunia wapi?

Hii sijaona mtu akiisema na inaharibu injini. Kisahani kinahisi msukumo wa hewa, hakijui hewa ni nyepesi au nzito kiasi gani, kwaiyo ukipanda juu gari inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Gari iliyotyuniwa Dar kwenye 12.8 ukifika nayo Nairobi, mita 1,700 juu huko, itasoma kama 11.8 hivi, moshi kidogo, nguvu kidogo, plagi nyeusi, haifi. Kupanda Moshi Desemba ukarudi Januari hata usiguse kitu.

Hatari ni kinyume chake. Umetyunia Arusha, mita 1,400, imesoma 12.8 safi kabisa, ukashuka Tanga na kompresheni yako ya 9.8, hewa nzito ya baharini, namba inaenda 13.7 ukikanyaga mwisho, na joto la pwani juu yake. Kwaiyo wa Arusha, Mbeya na Nairobi tyunini mpaka 12 kamili mkiwa nyumbani, ikishuka pwani itakaa karibu na 13. Na kabla ya safari ya kushuka rudisha taimingi digrii 2, ukifika Segera (kwa anayetoka Arusha) simama, fungua boneti ikiwa bado ya moto, chomoa plagi moja uangalie rangi. Kahawia ya maziwa endelea na safari. Nyeupe kama chaki, mguu uwe mwepesi mpaka utakapopata geji.